Mchomozo wa bawa ni nini, na unasaidiaje kuwatenganisha ndege wadogo wanaofanana

Ndege mdogo mwenye rangi ya kijani iliyofifia, urefu wa sentimita 11 hivi, anarukaruka kwenye majani. Anaweza kuwa Phylloscopus collybita au Phylloscopus trochilus, spishi mbili zinazofanana sana, na rangi haitakuambia kwa uhakika ni yupi. Hapo ndipo mchomozo wa bawa unapofaa.

Mchomozo wa bawa ni sehemu ya manyoya marefu ya kurukia inayojitokeza nyuma ya manyoya ya ndani wakati bawa limekunjwa. Ndege akiwa ametua, manyoya ya ndani, yale matatu yaliyo karibu na mgongo, hufunika sehemu kubwa ya bawa. Kinachochungulia nyuma ya ncha ya lile refu kuliko yote ndicho mchomozo.

Haupimwi kwa milimita. Unalinganisha urefu wake na urefu wa sehemu inayoonekana ya manyoya ya ndani yenyewe. Kwa collybita, mchomozo ni nusu hadi theluthi mbili ya urefu huo, na bawa lake huonekana fupi, la mviringo. Kwa trochilus ni robo tatu na zaidi, mara nyingine hulingana kabisa. Jamaa yao Phylloscopus sibilatrix ana mchomozo mrefu zaidi, kiasi kwamba mkia wake huonekana mfupi.

Tofauti hii inatokana na safari. Trochilus huvuka Sahara kila mwaka, na wengi hufika hadi kusini mwa Afrika, ilhali collybita wengi huishia maeneo ya Mediterania na Saheli. Bawa refu lenye ncha kali hupunguza nguvu zinazotumika katika safari ndefu. Ndiyo maana alama hii ni ya kuaminika kuliko rangi, ambayo hubadilika kwa mwanga, umri na kuchakaa kwa manyoya.

Hata hivyo, inapotosha kirahisi. Mtazame ndege akiwa ubavu kamili; akigeuka kidogo tu kuja kwako au kwenda mbali, mchomozo hufupika machoni. Ukiwa na kamera, piga picha nyingi mfululizo na utumie ile ambayo mgongo na mkia viko sambamba na lenzi. Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kubadilisha manyoya: unyoya wa ndani ukiwa umeanguka au umelika ncha, mchomozo huonekana mrefu kupita kiasi, na collybita anageuka kuwa trochilus kwenye daftari lako. Kinyume chake, manyoya ya kurukia yanayoota upya huufupisha. Kwa hiyo kwanza hesabu manyoya ya ndani. Usipoyaona yote matatu, achana na kipimo hicho kwa ndege huyo.

Miguu ya collybita kwa kawaida ni myeusi, na ya trochilus ni ya rangi ya udongo hafifu, lakini wako trochilus wenye miguu myeusi, kwa hiyo usiamue kwa miguu peke yake. Mkia una thamani zaidi: collybita huuchovya chini tena na tena anapotafuta wadudu. Wakiimba, kazi imekwisha. Collybita hurudia noti mbili kavu bila mpangilio maalumu. Trochilus hutoa wimbo laini unaoteremka na kufifia mwishoni.

Kwa ndege aliyenaswa kwa ajili ya kuvishwa pete ya utambulisho mguuni, kuna ushahidi ulio wazi zaidi. Hesabu manyoya ya kurukia kuanzia nje, ukianza na lile dogo sana la kwanza. Kwa collybita, ukingo wa nje hupungua upana ghafla kuelekea ncha kwenye unyoya wa 3, 4, 5 na 6. Kwa trochilus huishia wa 5. Shika bawa kwa upole na ulifungue kidogo tu, uangalie huo wa 6.