Kabla hujalipa ada ya butkempu: tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Naulizwa sana hili swali na watu wanaotaka kuacha kazi zao waingie kwenye kuandika programu za kompyuta, walimu, manesi, watu wa benki, karibu wote wanataka kujua butkempu ipi ni nzuri, yaani zile kozi fupi za kulipia za kufundisha kuandika programu. Mimi mwenyewe nilikuwa mhasibu kabla sijahamia huku, kwa hiyo hili naliongea kwa uchungu kabisa, manake ile ada ni akiba ya mtu ya miaka, wengine ni hela ya kiwanja.

"Asilimia 80 ya wahitimu wetu wana kazi"

Hapa ndo watu wengi wanapoliwa hela. Usiulize asilimia ngapi tu, uliza ni asilimia ya kina nani. Tufanye mfano wameanza watu 100. 40 wakaishia njiani, hao hawahesabiwi kwa sababu sio wahitimu. Wamebaki 60, kati yao 10 wakaandikwa kwamba "hawatafuti kazi", nao wakatolewa kwenye hesabu. Kwa wale 50 waliobaki, 40 wamepata kazi, na humo ndani unaweza kukuta wamo walioajiriwa na butkempu yenyewe kusaidia kufundisha darasa linalofuata. 40 kwa 50, tangazo linatoka asilimia 80, wakati walioingia mlangoni na hela zao mkononi walikuwa 100.

Na hili la namba kupambwa limeshatokea kweli. Marekani kulikuwa na Lambda School, baadaye ikajiita BloomTech, ilitangaza kwamba asilimia 71 hadi 86 ya wanafunzi wake wanapata kazi ndani ya miezi 6. Aprili 2024 CFPB, taasisi ya serikali yao inayolinda watu kwenye mambo ya fedha, ikatoa uamuzi na kuonyesha kwamba namba walizokuwa wanapewa wawekezaji zilikuwa karibu na 50, na kuna wakati zilishuka mpaka 30.

"Unalipa ukishapata kazi, hupotezi kitu"

Ni hiyohiyo shule. Mkataba ulisema ukipata kazi unakatwa asilimia 17 ya mshahara, tena kabla ya kodi, jumla isizidi dola 30,000, na wanafunzi wakaambiwa huu sio mkopo. CFPB wakasema ni mkopo kama mikopo mingine, una gharama ndani yake ya wastani wa dola 4,000 hivi, na ukikosa rejesho moja tu, kiasi chote kilichobaki kinaweza kudaiwa palepale. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya namna hii usisaini siku hiyohiyo, nenda nayo nyumbani, angalia unaanza kukatwa mshahara ukifika shilingi ngapi, angalia ukiacha katikati inakuwaje, na hasa angalia "kazi" maana yake nini humo ndani, je ukirudi kwenye kazi yako ya zamani nayo utakatwa?

"Miezi mitatu natoka developa"

Miezi mitatu unatoka umeanza tu, bado hujawa developa, yaani mtu wa kutengeneza programu. Nakumbuka usiku mmoja chumbani kwangu, feni inazunguka, skrini imeandika `Cannot read properties of undefined`, nikakaa nayo masaa mawili na nusu, nabadilisha hiki nafuta kile, kumbe nilisahau neno moja tu, `await`, linaloiambia programu isubiri, data ilikuwa bado haijafika na mimi nishaanza kuitumia. Neno lenyewe darasani nilifundishwa kwa dakika kumi, ila kulielewa nimelielewa usiku ule. Sasa kwenye ratiba ya butkempu uliza hayo masaa yako wapi, na ukikwama saa tano usiku nani anajibu.

"Soko linawalilia madevelopa"

Linawalilia wazoefu. Kampuni ya Andela ilianza 2014 kwa kuchukua vijana wa Afrika na kuwafundisha huku inawalipa, lakini 2019 ikapunguza mamia ya developa wachanga, Nigeria na Uganda, sababu wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu. Ndo maana nakusihi usiitupe kazi yako ya zamani. Nesi anayejua wodi inavyoendeshwa akaandika programu ya hospitali ana kitu ambacho kijana wa miaka 20 hana, na mimi kazi yangu ya kwanza nilipewa kwa sababu najua kufunga hesabu za mwezi.

Wengine wanaogopa umri na hesabu ngumu, hayo sitayaongelea sana, kwa programu nyingi za wavuti hesabu ya kawaida inatosha.

"Bila kulipa huwezi kujifunza"

Masomo yapo bure, freeCodeCamp, The Odin Project, CS50 ya Harvard, unachohitaji ni laptopu na bando. Butkempu inakuuzia watu, yaani mtu wa kusoma ulichoandika akakuambia hapa umekosea, na wenzako wa kukusukuma. Hicho kinaweza kuwa na thamani ya hiyo ada kabisa, ila omba ukae darasani siku moja uone kama kweli kipo, halafu uliza imesajiliwa wapi, NACTVET kwa Tanzania au TVETA kwa Kenya, hao ndo wasimamizi wa vyuo vya ufundi, na mwisho wa kudai urudishiwe ada yako ni lini. Mimi nilikuja kuuliza hilo la ada wiki ya tatu, mwisho ulikuwa wiki ya pili.

Anza na CS50 kwanza ukiwa bado kazini. Mwanzo ni Scratch, unaburuta vipande tu, wiki inayofuata wanakuingiza kwenye C, lugha ya programu ya kuandika mwenyewe. Ukimaliza mazoezi ya C na bado unatamani kufungua laptopu ukitoka kazini, hapo ndo tuongee butkempu ipi.