Je, wajua kwa nini simu hukikataa kidole chako wakati wa kiangazi?

Kila mwaka, Juni ikifika, hapa Lubumbashi malalamiko ni yale yale. Simu iliyokuwa ikifunguka kwa kuguswa mara moja inaanza kutetemeka na kukataa. Unaweka kidole, inakataa. Unakiweka tena, inakataa. Ikifika mara ya tano inafunga na kudai kode. Wengi huamua papo hapo kwamba skana imekufa.

Nami niliamini hivyo. Tena niliamini jambo la pili lililoniharibia zaidi, kwamba dawa ya skana inayokataa ni kukisafisha kidole. Nilikuwa nakifuta kwa kitambaa, naipangusa na skana yenyewe, kisha nakipaka ile dawa ya alkoholi ya kusafishia mikono na kusubiri kikauke kabisa ndipo nijaribu upya. Kadiri nilivyokikausha, ndivyo simu ilivyozidi kukataa. Mwishowe nilimpelekea fundi mmoja sokoni, kwenye komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, anibadilishie skana. Hakuchukua hata bisibisi. Alinitazama vidole akasema, "Yaya, telefone haina na mambo. Kidole njo iko mukavu. Gusa kwanza ku uso." Nikapitisha kidole kwenye paji la uso, nikakiweka kwenye skana, simu ikafunguka.

Kumbe kidole changu kilikuwa kikavu mno, na mimi ndiye niliyekuwa nikizidi kukikausha. Lakini ukavu unamzuiaje mtu kujulikana na simu yake?

Kosa langu lilianzia mahali ambapo watu wengi huanzia: nilidhani skana ni kamera ndogo. Ukishaamini kwamba simu inakipiga kidole picha, mengine yote yanafuata yenyewe. Picha nzuri hutaka kitu kisafi, kikavu, kisicho na mafuta wala jasho, kwa hiyo unafuta. Ikikataa, unadhani hukufuta vya kutosha, unafuta tena. Ikiendelea kukataa, unadhani lenzi imechafuka au imepasuka. Kila hatua ina mantiki, na kila hatua inakupeleka mbali zaidi na jibu.

Skana nyingi, hasa zile zilizo kwenye kitufe cha pembeni, mgongoni mwa simu au kwenye kitufe kilicho chini ya skrini katika simu za zamani kidogo, hazina lenzi wala taa. Hazioni chochote. Zinapima umeme.

Tazama ncha ya kidole chako karibu na dirisha. Utaona mistari iliyoinuka na nafasi kati yake, kama matuta ya viazi vitamu na mifereji yake. Kutoka tuta moja hadi la pili ni karibu nusu milimita. Chini ya uso wa skana kumepangwa vibamba vidogo sana vya chuma, mara nyingi 20 katika kila milimita moja, kwa hiyo tuta moja na mfereji wake hulala juu ya vibamba kama 10 kwa mstari. Kila kibamba hupewa chaji kidogo ya umeme. Kitu chochote kinachobeba umeme kikikisogelea, kibamba huweza kushika chaji zaidi. Kikikaa mbali, hushika kidogo. Ngozi yako ndiyo kitu hicho. Mahali tuta linapogusa, ngozi iko karibu na chaji ni nyingi. Mahali pa mfereji pana hewa katikati, na chaji ni kidogo. Simu huuliza kibamba kimoja kimoja, "umeshika kiasi gani?", na kwa majibu yale huchora ramani.

Mfikirie mtu anayevuka shamba la viazi usiku wa giza, miguu peku, bila taa. Hakuna anachokiona, lakini nyayo zinamwambia: hapa tuta, hapa mfereji, hapa tuta limegawanyika mawili, hapa limekwisha. Akilijua shamba lake vizuri, atalitambua kwa miguu tu. Sasa mvua ikinyesha hadi mifereji ikajaa, kila anapokanyaga ni maji, na tofauti kati ya tuta na mfereji imepotea. Ndiyo maana kidole kilichotoka kufua nguo nacho hukataliwa. Jua likikaa miezi mitatu bila mvua, matuta yanapasuka na kumomonyoka, tuta moja refu linakuwa madongoa ishirini. Mtu wetu anahesabu miisho ya matuta isiyokuwapo, na anaapa kwamba hili si shamba lake.

Jambo hilo la miisho isiyokuwapo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Simu haikumbuki kidole chako kama picha. Hukumbuka hasa mahali ambapo mistari inaishia na mahali inapogawanyika, na jinsi sehemu hizo zilivyokaa kuhusiana. Skana ndogo sana hulinganisha pia umbo la vipande vya mistari, kwa sababu zinaona sehemu tu ya kidole kwa wakati mmoja. Kidole kikiwa kikavu, mstari mmoja hukatika ukawa nukta nukta, kama kashe, yaani muhuri wa ofisi, iliyokaukiwa wino. Kila mkatiko unaonekana kama mwisho wa mstari. Kwa hiyo tatizo la kidole kikavu halitokani na simu kuona machache. Inaona mengi mno, na mengi ya hayo ni ya uongo.

Kwa nini mstari ukatike? Tabaka la nje kabisa la ngozi ni chembe zilizokufa. Zikiwa na unyevu, huubeba umeme hadi kwenye uso wa tuta. Uwezo wa maji wa kushikilia nguvu ya umeme ni karibu mara 80 ya ule wa hewa, kwa hiyo unyevu kidogo tu hubadilisha kipimo. Zikikauka, tabaka hilo linakuwa kama karatasi ya nailoni iliyowekwa kati ya kibamba na nyama iliyo hai. Zaidi ya hayo ngozi kavu ni ngumu. Hailali juu ya skana, inagusa kwa ncha chache na kuacha hewa pengine kote.

Sasa turudi kwenye paji la uso. Ncha za vidole, kama kiganja chote, hazina tezi za mafuta. Hata moja. Zina tezi za jasho tu, na vinyweleo vyake vimefunguka kwa mpangilio juu ya migongo ya matuta, si ndani ya mifereji. Mwili unalowesha kile kile ambacho skana inakitafuta, na kwa kiasi kidogo kinachofaa. Jasho likikoma, kidole hakina mafuta yake ya akiba, ni lazima kikaazime mahali pengine. Paji la uso na pembe za pua zina mafuta mengi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Mafuta yenyewe si hodari wa kupitisha umeme. Kazi yake hapa ni kulainisha ngozi na kuziba nyufa ili tuta liguse kwa urefu wake wote. Ukitaka unyevu wenyewe, kihemee kidole pumzi ya "haa", ile ya kujipasha moto asubuhi. Pumzi ya "fuu" haifai, maana hiyo inakausha.

Julai ya Lubumbashi inakusanya kila kitu kibaya kwa skana. Tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hukatika kabisa kwa miezi kadhaa, usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Baridi huibana mishipa midogo ya vidole na kupunguza jasho. Mimi nilikuwa nimeandikisha kidole changu Januari, katikati ya mvua, ngozi ikiwa laini. Simu ilikuwa inalinganisha kidole cha Januari na kidole cha Julai.

Zipo skana ambazo kweli ni kamera. Zile zilizo ndani ya skrini ya simu mpya nyingi huangaza kidole kwa mwanga wa skrini yenyewe na kupokea mwanga unaorudi. Nyingine, zilizoanza kuenea mwaka 2019 na Samsung Galaxy S10, hutuma mawimbi ya sauti tusiyoisikia. Hata hizo hutegemea tuta liguse kioo vizuri, na hewa inayobaki chini ya ngozi ngumu huzivuruga vile vile. Kitu kingine kinachozivuruga ni plastiki au kioo cha kulinda skrini. Oktoba 2019 ilibainika kwamba baadhi ya vifuniko vya silikoni viliweza kuifanya S10 ifunguke kwa kidole cha mtu yeyote, na Samsung ikalazimika kutoa sasisho.

Skana za kioo za maofisini, zile za kuandikisha watu, hutumia mwanga pia. Mama yangu, ambaye ameuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa miaka mingi, alirudishwa na skana ya namna hiyo mara tatu kwa siku moja. Kila mara aliambiwa, "Mama, futa vidole vizuri." Ni kosa lile lile langu. Mara ya nne nilimwomba avihemee tu, vikasomwa vyote. Wazee huteseka zaidi, kwa kuwa ngozi yao imekauka na matuta yamelala.

Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini kwamba makala yamemfutia alama. Imani hiyo ninaisikia sana, na inawaumiza watu, kwa hiyo niseme wazi: alama hazifutiki kirahisi. Huanza kuumbika tumboni mwa mama karibu na wiki ya 10 na hukamilika kabla ya mwezi wa sita. Ramani yake imechorwa chini, pale ngozi ya juu inapokutana na ngozi ya ndani. Ukisugua ya juu, ramani ya chini huichora upya, na kwa kawaida ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Jambazi wa Marekani John Dillinger alijichoma vidole kwa asidi ili asitambulike. Alipouawa Chicago, Julai 1934, alama zake zilisomeka. Kidonda kilichofika hadi ngozi ya ndani huacha kovu la kudumu, hilo ni kweli. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine huweza kuzififisha alama za baadhi ya wagonjwa. Zipo pia familia chache mno duniani ambazo watu wake huzaliwa bila alama kabisa, na mwaka 2011 watafiti waliifuatilia hali hiyo hadi kwenye jeni moja, SMARCAD1. Vumbi la makala halimo katika orodha hiyo.

Basi simu ikikataa, anza na kidole kabla ya kwenda kwa fundi. Kihemee, jaribu. Ichomoe kwenye chaja kwanza, maana chaja duni hupitisha umeme wenye fujo unaozichanganya skrini za kugusa. Pangusa skana kwa kitambaa laini. Ikiwa umeiwasha upya na inadai kode, hiyo si hitilafu: simu imefanywa hivyo makusudi. Halafu futa kidole cha zamani kwenye mipangilio na ukiandikishe upya sasa hivi, kikiwa katika hali ya msimu huu, ukikizungusha hadi pembeni. Baadhi ya simu hukubali kidole kimoja kuandikishwa mara mbili. Yako ikikubali, kiandikishe kikavu mara moja, na mara ya pili baada ya kupaka mafuta kidogo.

Kipimo kinachoamua ni mtu mwingine. Mwombe mtoto au jirani ajaribu kuandikisha kidole chake. Kikikubalika, skana ni nzima. Vikikataliwa vidole vyote vya watu wote, au neno la alama za vidole likitoweka kabisa kwenye mipangilio, hapo ndipo kuna waya uliolegea, kifaa kilichokufa au programu iliyoharibika. Hata hivyo usikimbilie kubadilisha kifaa. Kwenye baadhi ya simu skana imefungamanishwa kwa siri na bodi yake, na ya kuazima haisomi. Wenye iPhone 6 waliobadilishiwa kitufe chenye skana walikuja kuona simu zikizimika na kuonyesha kosa namba 53 baada ya sasisho. Februari 2016 Apple ilitoa programu iliyozifufua, lakini skana zilizobadilishwa hazikurudi kusoma vidole.

Simu ingeweza kulegeza masharti ili isitusumbue, ila ingewalegezea na wezi. Apple ilipotangaza uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kuifungua simu yako, ilitaja 1 kati ya 50,000. Udogo wa uwezekano huo hulipiwa kwa kumkataa mwenye simu mara kwa mara.

Aliye na shida ya kweli ni jirani yangu mwashi. Saruji inakula ngozi kwa ukali wake na kuisugua kwa mchanga wake, na yeye hapumziki mwezi mzima ili matuta yarudi. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa laini kama sabuni. Tulikaa naye jioni moja tukajaribu vidole vyote kumi. Kilichokubalika ni cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki mwiko wala tofali, na ndicho anachofungulia simu hadi leo.