Kuseti GPU kwa uchimbaji wa sarafu: dhana zinazokula umeme bure

Mtu akifungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya michoro (GPU) ya kompyuta, kwa mara ya kwanza, mkono unamwasha. Anaburuta kila mstari kwenda kulia: nguvu juu, kasi ya kiini (chipu inayokokotoa) juu, kasi ya memori juu, feni asilimia mia. Namba ya megahashi, yaani hashi (makisio ya hesabu) milioni ngapi kadi inafanya kwa sekunde, inapanda kidogo, anapiga picha ya skrini, anawatumia wenzake kwenye grupu. Mwisho wa mwezi LUKU inampa majibu mengine.

Maelezo mengi ya kazi hii yanapita mdomo kwa mdomo, na mengine yaliharibika zamani. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara.

Dhana: kuseti kadi ni kupandisha kila kitu

Kwa mchimbaji, yaani anayetumia kadi kukokotoa ili alipwe sarafu za kidijitali, mistari mingi huenda kushoto. Nitatumia mfano wa sarafu ya Ethereum, kwa kuwa ndiyo iliyowafundisha watu wengi uchimbaji wa kadi za michoro, tangu 2015 hadi ilipoachana nao mwaka 2022. Algoriti yake (kanuni ya hesabu zake), Ethash, iliundwa makusudi ielemee memori. Ili kupata hashi moja, kadi huingia mara 64 kwenye faili kubwa liitwalo DAG, linalokaa ndani ya memori yake, na kila ikiingia huchota baiti 128. Zidisha, unapata baiti 8,192 kwa kila hashi.

Sasa chukua RTX 3070, kadi ya NVIDIA. Memori yake hupitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Gawa kwa 8,192, jibu ni kama hashi milioni 54.7 kwa sekunde. Huo ndio ukomo wake ikiwa haijaguswa, na kukimbiza kiini hakuusogezi. Ushahidi ni mdogo wake, RTX 3060 Ti. Ndani ya kiini chake kuna viini vidogo vya kukokotoa 4,864, na 3070 ina 5,888, lakini memori ni ileile ya GDDR6, na gigabaiti ni zilezile 448. Zikishasetiwa, zote mbili zilikuwa zinatoa megahashi kama 60 kwenye Ethash. Aliyelipa zaidi apate 3070 kwa ajili ya kuchimba tu aliongeza wapishi jikoni wakati mleta unga ni mmoja yuleyule.

Seti iliyozoeleka ya 3070 ilitokana na hesabu hiyo. Memori ilipandishwa mpaka ipitishe karibu gigabaiti 512 kwa sekunde, ambapo ukomo unasogea hadi 62.5. Kiini kikafungiwa kasi ya chini, kwenye megahezi 1,100 hivi. Kadi ambayo kiwandani iliandikiwa wati 220 ikawa inakula kama 120, na inachimba kuliko ilivyotoka dukani.

Dhana: ukipunguza wati, hashi nazo zinapungua

Watu wanabishana sana hapa, na fizikia ilishamaliza ubishi. Umeme unaoliwa na kiini hufuata kasi yake mara mraba wa volteji. Shusha volteji kutoka 1.05 hadi 0.75, kasi ikiwa haijaguswa, na ulaji wa kiini unabaki kama nusu. Shusha na kasi, unapungua tena. Kwenye algoriti ya memori, kiini kilikuwa kinasubiri data muda mwingi, kwa hiyo umeme ule ulikuwa unageuka joto tu.

Hesabu ya nyumbani iko hivi. Kadi moja kutoka wati 220 hadi 120 ni tofauti ya wati 100. Kwa saa 24 ni uniti 2.4, kwa siku 30 ni uniti 72. Mwenye kadi sita anaokoa uniti 432 kwa mwezi bila kununua kitu. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe, iwe ni tokeni za Kenya au LUKU ya Tanzania, halafu uniambie kama kuna namna ya kupandisha hashi inayorudisha hela hiyo.

Ndiyo maana mchimbaji anayeijua kazi hakuulizi kadi yako inatoa megahashi ngapi. Anakuuliza megahashi ngapi kwa wati.

Dhana: ukiseti vizuri, faida ipo tu

Hapana. Mapato yako ni fungu lako katika uwezo wa mtandao mzima, na mtandao hurekebisha ugumu kadiri wachimbaji wanavyoongezeka. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilihamia mfumo usiohitaji uchimbaji, na kadi zilizokuwa zinaichimba zikakimbilia sarafu za Ethereum Classic, Ravencoin na nyinginezo siku hiyohiyo. Fungu la kila mmoja likawa vumbi. Kwa umeme wa bei ya nyumbani, kadi nyingi hazijarudi kulipa tangu hapo, zisetiwe zisisetiwe. Anayekuuzia "rigi ya kipato cha kila siku" leo kwa hesabu za 2021, mwombe akuonyeshe bili ya umeme kwanza.

Dhana: namba iliyo kwenye skrini ndiyo unayolipwa

Programu ya kuchimba inakuonyesha kazi inayodhani kadi imefanya. Puli, yaani kikundi mnachochimba pamoja na kugawana, hailipi namba hiyo. Inalipa sheya, yaani vipande vya kazi ulivyowasilisha, zilizopokelewa na kuthibitishwa. Memori iliyopandishwa kupita kiasi huanza kukosea, na hashi yenye kosa ni hashi ya bure. Kadi inayosoma 62 lakini asilimia 5 ya sheya zake ni batili inakuingizia 58.9. Ile ya jirani yako inayosoma 60 bila kosa inakushinda, na usiku haimwamshi mwenyewe.

Kadi za memori ya GDDR6X, kama RTX 3080, zina ujanja wao. Memori hiyo ikigundua data imefika na kosa, inairudia. Kadi haizimi, skrini haijai vimistari, kila kitu kinaonekana shwari. Unaongeza kasi, unaongeza, na mahali fulani hashi zinaanza kushuka badala ya kupanda, kwa kuwa memori inatumia muda wake kurudia kazi. Mtu asiyelijua hili hudhani kadi imechoka. Arudi nyuma hatua mbili tatu, aache hapo.

Na usipime kwa dakika kumi. Sheya huja kwa bahati, leo nyingi kesho chache. Ukitaka kulinganisha seti mbili, angalia wastani wa puli wa siku nzima, uchunguze na safu ya sheya zilizokataliwa. Wengi hawaijui safu hiyo ilipo.

Dhana: kadi ina nyuzi 55, iko salama

Nyuzi 55 za nini? Kipimo ambacho programu nyingi zinakionyesha kwanza ni cha kiini. Kwenye RTX 3080 na 3090 kiini kinaweza kuwa baridi kabisa huku chipu za memori zimefika 110, kiwango ambacho kadi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wachimbaji walihangaika muda bila kuelewa hashi zinakwenda wapi, mpaka mwaka 2021 programu ya HWiNFO ilipoanza kuonyesha joto la ndani la memori ya kadi hizo. Wengi walichokiona hapo hawakukipenda.

Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye pedi za joto, zile pedi laini zilizobanwa kati ya chipu na chuma cha kupoozea. Waliofungua kadi na kuweka pedi bora zenye unene sahihi waliona joto likishuka sana. Lakini unene ndio mtego: pedi nene kupita kiasi inainua chuma, kiini kinakosa kugusana nacho vizuri, na sasa kiini ndicho kinachopika. Pima pedi za zamani kabla hujazitupa.

Kwa wa Dar, Mombasa, Zanzibar, kuna jambo la ziada ambalo video za watu wa nchi za baridi hazilitaji. Hewa inayoingia kwenye feni tayari ina nyuzi thelathini na kitu, na ya pwani ina chumvi na unyevu. Seti ya mtu aliye Norway usiinakili kama ilivyo. Ipunguzie memori kwanza.

Dhana: memori ikiwa kubwa, uchimbaji ni wa kasi

Ukubwa ni kibali cha kuingia tu. DAG ya Ethereum ilianza na gigabaiti moja hivi na kuongezeka kama megabaiti 8 kila bloku (ukurasa wa daftari la miamala) 30,000. Mwishoni mwa 2020 ikazishinda kadi za gigabaiti 4, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zinachimba bila tatizo lolote. Ethereum Classic ilibadili utaratibu wake Novemba 2020 ili faili hilo likue polepole, na kadi hizo zikapata pa kwenda.

Dhana: seti moja inatosha sarafu zote

Kosa hili ni la gharama. Ravencoin hutumia KawPow, inayokitumikisha kiini kisawasawa. Ukiiwekea seti ya Ethash, kiini kimefungwa chini, utapata hashi za kusikitisha. Ukikiachia wazi, wati zinaruka na pawa saplai iliyopimwa kwa kazi nyepesi inaanza kulalamika. Sarafu ya Kaspa ilikuwa kinyume kabisa cha Ethereum. Algoriti yake karibu haigusi memori, kwa hiyo wajuzi waliifungia memori chini na kuuelekeza umeme wote kwenye kiini. Mwaka 2023 mashine za ASIC za Kaspa, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, ziliingia sokoni na hadithi ya GPU ikaishia hapo.

Hata ndani ya algoriti moja, kila kadi ina tabia yake. RX 580, kadi ya AMD, ilivyotoka dukani ilitoa megahashi 23 hadi 25 hivi za Ethash, wakati gigabaiti zake 256 kwa sekunde zinaruhusu 31.25. Kilichokuwa kinaizuia ni vipindi vya kusubiri vilivyoandikwa ndani ya BIOS ya kadi (programu yake ya ndani ya kuiwashia), na kasi ya memori haikuwa na hatia. Watu walichukua vipindi vifupi vya kasi ya chini, wakavinakili kwenye kasi za juu, wakafika 30. Chapa ya chipu za memori ikawa ndiyo kila kitu: BIOS iliyotengenezewa Samsung ukiiweka kwenye kadi yenye Elpida, unaweza kubaki na kadi isiyowasha picha. Hifadhi BIOS halisi kabla hujagusa chochote, na uihifadhi nje ya kompyuta hiyohiyo.

Dhana: bila nafasi ya x16 kadi inapungua nguvu

Haipungui, hata ukikosa nafasi hiyo pana ya ubao mama. DAG inatengenezwa ndani ya kadi yenyewe, na kinachopita kati yake na ubao mama ni kidogo mno. Raiza ya x1, kiunganishi chenye waya kinachoiweka kadi mbali na ubao, inatosha. Hatari iko kwenye waya wa umeme wa hiyo raiza. Plagi ya SATA imeruhusiwa wati 54 kwenye laini yake ya volti 12, wakati kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia nafasi yake kwenye ubao, sehemu kubwa ikiwa ni ya laini hiyohiyo. Waya ule wa kugeuza SATA unaokuja ndani ya boksi la raiza, uuache ndani ya boksi.

Dhana: kuna programu ya siri ya kufungua kadi

Februari 2021 NVIDIA ilitoa RTX 3060 ikiwa na kizuizi cha uchimbaji wa Ethereum, na baada ya miezi michache ikakiweka kwenye 3060 Ti, 3070 na 3080 mpya. Cha kuchekesha ni kwamba mwezi Machi NVIDIA yenyewe ilitoa kwa bahati mbaya draiva ya majaribio, 470.05, iliyolegeza kizuizi cha 3060. Watu wakaanza kuamini kila faili lina muujiza. Februari 2022 kikatangazwa kifungulio kilichodai kumaliza kazi yote. Wachunguzi walipokipekua wakakuta ni programu hasidi. Ufunguo kamili wa kweli ulikuja Mei 2022 kupitia NiceHash, kampuni ya uchimbaji, miezi minne tu kabla Ethereum haijaacha uchimbaji.

Mwaka huohuo zilionekana tovuti bandia zinazofanana na ya MSI Afterburner, zinazokupa programu inayofanya kazi huku inamchimbia mtu mwingine sarafu na kukuibia nywila. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kiungo kilichotumwa Telegramu achana nacho, hata kama aliyekituma ni rafiki.

Dhana: GPU inachimba Bitcoin

Ilichimba, mwaka 2010 na miaka miwili mitatu iliyofuata. ASIC za mwaka 2013 zilifunga mjadala. Hata uchimbaji wa Bitcoin unaotumia umeme wa maji ndani ya Hifadhi ya Virunga, Kongo, ni wa mashine za ASIC, na humo huwezi kuseti memori wala nini.

Dhana: kadi iliyochimba imekwisha

Inategemea aliyekuwa nayo. Kadi iliyokaa wati 120 kwenye joto lisilobadilika imeishi kwa upole kuliko ya mchezaji wa gemu anayeipasha na kuipoza mara kumi kwa siku. Kinachochakaa ni feni, pesti ya joto na pedi, na vyote hubadilishwa. GDDR6X iliyopikwa kwenye 110 mwaka mzima, hiyo ndiyo ya kuogopa.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo, Luthuli ya Nairobi au umeagiza China, sikiliza feni zikiwa polepole, kisha endesha gemu zito nusu saa. Vimistari na skrini kuzima huweza kuwa ni BIOS ya mchimbaji iliyoachwa humo, na hiyo inarudishwa. Kwa RX 580 fungua programu ya GPU-Z usome idadi ya viini vya kukokotoa. Halisi ina 2,304. Ikiwa 2,048 basi ni ile iitwayo 2048SP, ambayo nguvu yake ni ya RX 570 hata kama stika inasema vingine, na bei yake iwe ya RX 570.