Je, wajua kwa nini katika mieleka mtu akikamatwa miguu yote miwili hubwagwa hata kama ana nguvu kukuzidi?

Fanya jaribio dogo. Simama kwenye godoro, mwenzako akusukume kifuani. Utarudi nyuma hatua moja au mbili, basi. Sasa mwenzako wa pili akushike vifundo vya miguu visiondoke chini, kisha yule wa kwanza akusukume tena, polepole kuliko mara ya kwanza. Utaanguka chali. Nguvu zako ni zile zile. Kilichoondoka ni ile hatua ya kurudi nyuma.

Sisi tunaotembea kwa miguu miwili hatusimami imara kama meza. Uzito wa mwili mzima, ukiupatia nukta moja ya kuuwakilisha, unakaa chini kidogo ya kitovu, ndani ya nyonga. Kwa mtu mzima aliyesimama wima ni kwenye asilimia 55 hivi ya kimo chake. Nukta hiyo ikibaki juu ya eneo lililo kati ya nyayo zako, umesimama. Ikitoka nje, inabidi upeleke mguu upande inakoelekea, uidake kabla haijakupeleka chini. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka kila mara kwa sababu mguu wake bado unachelewa kudaka.

Anayekamata miguu yote miwili anafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza anaondoa hiyo hatua ya kudaka. Halafu bega lake linasukuma tumbo au mbavu kwenda nyuma, huku mikono ikivuta nyuma ya magoti kuja mbele, na mwili wa mpinzani unazungushwa kama usukani unavyozungushwa kwa mikono miwili. Juu unakwenda kule, chini unakuja huku. Ndiyo maana mtu wa kilo 70 anaweza kumpiga mwereka wa kilo 90 bila kumnyanyua. Kilo zile hazibebwi, zinapinduliwa, na zikishapinduka zinaanguka zenyewe. Akishikwa mguu mmoja tu, bado ana mwingine wa kurukia, na wapo wanamieleka wanaoweza kuruka hivyo kuuzunguka mkeka mzima bila kuanguka.

Si ujuzi wa jana. Kwenye makaburi ya Beni Hasan nchini Misri, katika kaburi la Baqet III, kuna jozi zaidi ya 200 za wanamieleka zilizochorwa ukutani karibu miaka 4,000 iliyopita, na humo wamo wanaodaka miguu. Leo mieleka ya mtindo huru inauruhusu, ile ya Kigiriki na Kirumi inakataza kushika chochote chini ya kiuno. Judo inao kwa jina la morote-gari, ila tangu mwaka 2010 kanuni za mashindano zilianza kuubana mshiko wa moja kwa moja wa miguu, na baadaye zikaufunga kabisa.

Kama fizikia iko upande wa anayeshambulia, kwa nini basi wengi wakiingia miguuni wanakwama? Na kwa nini mtu yule yule aliyembwaga mwenzake vizuri dakika ya kwanza anashindwa kabisa dakika ya tano? Maswali haya mawili hufundishwa mbalimbali, moja kwa kocha wa mbinu na lingine kwenye mazoezi ya pumzi. Mimi naamini jibu lake ni moja, nalo liko kwenye nyonga.

Tuanze na kuingia. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuinama badala ya kuchuchumaa. Anataka kufika miguuni, kwa hiyo anakunja mgongo, anatupa mikono mbele, na kichwa kinaangalia mkeka. Mikono imefika, lakini nyonga zimebaki kule nyuma zilikokuwa. Sasa ananing'inia. Mpinzani hana haja ya ufundi mwingi: anarusha miguu yake nyuma, anashusha nyonga zake juu ya mabega ya huyu aliyeinama, na uzito wake wote unakaa kwenye shingo na mgongo. Ule usukani umegeuka, aliyetaka kuzungusha ndiye anayekandamizwa. Au mpinzani anazungusha mkono shingoni, na hapo ni kabali.

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza pointi. Shingo iliyoinamishwa inanyooka, mifupa yake inapangana kama vigae vya mnara, na utosi ukigonga kitu kigumu mgandamizo wote unaishia kwenye pingili za shingo. Hapo ndipo wanapoumia vibaya wanamieleka na wachezaji wa raga. Kocha akikufokea kila siku "kichwa juu!", usichoke naye. Macho yatazame mbele, uso uelekee kifua cha mpinzani, sikio libanwe kwenye mbavu zake. Kichwa kilichoinuka kinanyoosha mgongo, na mgongo ulionyooka ndio unaopitisha nguvu ya miguu hadi begani.

Kushuka, basi, kunafanywa na magoti na nyonga, kifua kikibaki kimeinuka kama mtu anayechuchumaa kubeba ndoo. Kushuka huko hutangulia hatua yenyewe. Ukishashuka, mguu wa mbele unapenya katikati ya miguu ya mpinzani, goti linasonga mbele, pengine linagusa mkeka na kuondoka, na mguu wa nyuma unafuata haraka ukanyage nje ya mguu wake. Usilidondoshe goti mahali pamoja likabaki hapo. Goti lililokaa ni nanga. Ukitaka kujua kama umeingia sawasawa, jiulize nyonga zako ziko wapi: zikiwa chini ya nyonga zake na karibu nazo, umeingia hata kama mikono bado haijashika vizuri. Zikiwa nyuma, hujaingia hata kama umekumbatia miguu yote.

Kisha kuna suala la muda. Jicho likiona kitu, mwili huchukua takriban sekunde 0.2 kuanza kujibu. Ni muda mfupi sana, lakini hatua moja ya kupenya inaweza kuishia humo kama umeanzia karibu. Ukianzia mbali, umempa mpinzani muda wa kutosha wa kurusha miguu nyuma, na atafanya hivyo kila mara. Kwa hiyo mbinu halisi huanza kabla ya kuingia: kumgusa paji la uso, kumvuta shingo, kumsukuma bega. Ukimsukuma, naye anasukuma. Kwa kufanya hivyo amejileta mwenyewe, uzito umehamia mbele, mikono imeinuka kutoka kwenye mapaja. Ukimvuta kichwa chini, atakiinua, na akikiinua anasimama wima. Ni wakati huo anaponyooka ndipo unaposhuka. Asiyemsumbua mpinzani kwanza anaingia kwenye mlango uliofungwa.

Jordan Burroughs wa Marekani, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012 katika kilo 74, alijulikana dunia nzima kwa shambulio hili moja. Wapinzani wake walijua linakuja. Walilisubiri, na bado liliwapata. Ukiangalia mapambano yake, usitazame mikono. Tazama anavyosogea na kutikisika kabla, na jinsi miguu inavyoendelea kutembea baada ya kugusana. Wengi wetu tukigusana tunasimama kushangilia mshiko, yeye ndiyo kwanza anaongeza mwendo.

Kumalizia nako kuna kanuni yake ambayo haisemwi vya kutosha. Mtu aliyesimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ana nguvu kwenye mstari unaounganisha nyayo zake mbili. Ukimsukuma kwenye mstari huo, anahimili. Ukimsukuma upande unaokatiza mstari, hana kitu cha kusimamia. Kwa hiyo ukishashika na ukaona anapinga, acha kusukuma moja kwa moja. Kaza kichwa kwenye mbavu zake, kitumie kama usukani, na utembee kwa kukata kona. Atazunguka hatua moja, ya pili itakosa pa kukanyaga. Kama tayari amerusha miguu nyuma na uzito umekukalia, usibaki hapo ukivuta. Inua kichwa, zunguka upande, hamia mguu mmoja, uinuke nao. Kila sekunde unayokaa chini yake inakula pumzi yako, si yake.

Hapo tumefika kwenye lile swali la dakika ya tano.

Pambano la mtindo huru ni vipindi viwili vya dakika 3, katikati mapumziko ya sekunde 30. Kila unapoingia miguuni unatumia akiba ya nishati ya haraka iliyoko ndani ya msuli wenyewe, ambayo kwa juhudi ya juu kabisa hudumu kama sekunde 10. Inajazwa tena ukipumzika: karibu nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, iliyobaki huhitaji dakika kadhaa. Na kinachoijaza ni oksijeni. Hili linawashangaza wengi. Kuingia miguuni ni mlipuko, lakini kuingia mara ya sita kunategemea mapafu na moyo, kwa sababu ndivyo vinavyoamua akiba imejazwa kiasi gani tangu mara ya tano. Anayedharau kukimbia taratibu kwa hoja kwamba mieleka si mbio ndefu anajinyima mafuta ya mlipuko wake mwenyewe.

Sasa angalia mtu aliyechoka anavyosimama. Magoti yamenyooka, mikono iko kwenye mapaja, mgongo umekunjwa. Kukaa chini kwenye magoti yaliyopinda ni kazi ya misuli mikubwa ya mapaja na makalio, nayo ndiyo ya kwanza kuomba nafuu. Mwili unaitoa kwa kuinua nyonga. Akitaka kuingia, nyonga haziwezi tena kushuka haraka, kwa hiyo anainama. Ni kosa lile lile la mwanafunzi wa siku ya kwanza, limerudishwa na uchovu. Kocha atasema mbinu imeharibika. Kilichoharibika ni mapaja.

Mikono nayo ina hila yake. Msuli ukikazwa kwa nguvu bila kulegezwa, unaibana mishipa yake yenyewe na damu haipiti vizuri. Ndiyo maana kigasha, ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja, kinageuka jiwe baada ya kung'ang'ania mshiko. Shika kwa nguvu pale unapovuta, legeza pale unapotembea. Na uteme pumzi unapoingia. Wengi huibana tangu hatua ya kwanza hadi mwisho wa purukushani, kisha wanashangaa kutweta.

Kwa mazoezi, ushauri wangu ni huu. Kuingia kwa ajili ya kujifunza kufanywe mwanzoni, mwili ukiwa mpya, mara chache na kwa usafi: tano, pumzika, tano tena. Siungi mkono kuingia mara 200 mtu akiwa hoi, maana mwili unajifunza unachorudia, na hapo unarudia kuinama. Mwenzako asiwe gunia wala ukuta. Aanze kwa kukuachia, kisha akatae kidogo, kisha arushe miguu nyuma kweli kweli, ili ujifunze kila kiwango cha upinzani.

Mbinu ikishakaa, ilete kwenye uchovu kwa kipimo. Sekunde 15 za kuingia kwa kasi kamili, 45 za kutembea ukiwa umepinda magoti, mara nane. Wiki zikienda, fanya 30 kwa 30. Nyonga zikianza kupanda, simamisha seti hiyo, kwa sababu zaidi ya hapo unajizoeza kushindwa. Mara mbili kwa wiki kimbia dakika 30 hadi 40 kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Miguu iimarishwe kwa kuchuchumaa na uzito, hatua ndefu za kushusha goti, na kunyanyua chuma kutoka chini kwa mgongo ulionyooka. Shingo isisahauliwe. Mwenzako akusukume kichwa kwa kiganja pande zote nne, wewe ukikataa kusogea.

Jambo moja lazima niliseme hapa ingawa linasimama pembeni kidogo. Kujikausha maji ili kushuka kundi la uzito kunabomoa yote haya. Mwaka 1997, ndani ya wiki chache, wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walifariki wakijikausha kwa mazoezi ndani ya nguo nzito zisizopitisha hewa na joto kali. Kanuni zilibadilishwa baada ya hapo. Damu iliyopungua maji haiwezi kubeba oksijeni vizuri kwenda popote, na oksijeni, kama tulivyoona, ndiyo inayokurudishia mlipuko.

Ukitaka kujua ulipo leo, weka simu pembeni ya mkeka kwenye usawa wa kiuno, urekodi mazoezi yote ya kupambana. Simamisha picha pale mguu wako wa mbele unapogusa mkeka katika shambulio la kwanza, kisha pale pale katika la mwisho. Tazama mkanda wa kaptula yako uko juu au chini ya wa mwenzako. Ukiwa chini mara zote mbili na bado hubwagi, nenda kwa kocha akurekebishie namna ya kumsumbua mpinzani kabla ya kuingia. Ukiwa chini mara ya kwanza na juu mara ya mwisho, vaa viatu vya kukimbilia.