Gharama za kesi dhidi ya serikali: baada ya kushinda

Wanaonijia kuuliza kuhusu gharama za kesi dhidi ya serikali si wale wanaotaka kushtaki tu, bali pia wale ambao wamekwisha kushinda. Mzee mmoja wa Kisauni, ambaye duka lake la mabati lilibomolewa na taasisi ya umma bila notisi, alifika ofisini kwangu hapa Mombasa na nakala ya hukumu aliyoikunja mara nne katika mfuko wa kanzu. Aliikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ulioagiza alipwe fidia na gharama za kesi, kisha akauliza: "Wakili, dalali anakwenda kwao lini?" Nilimjibu kwamba dalali, yule anayekamata mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama, haendi.

Kwa kuanzia, sheria haimbagui mwananchi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinampa jaji hiari juu ya gharama, lakini kinasema pia kwamba gharama hufuata matokeo, yaani aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, isipokuwa mahakama iwe na sababu nzuri ya kuamua vinginevyo. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Jasbir Singh Rai ya mwaka 2014, ilieleza kwamba lengo la gharama si kumwadhibu aliyeshindwa bali kumfidia aliyeshinda kwa alichotumia. Kifungu hichohicho kinaruhusu riba juu ya gharama, isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka.

Katika kesi za haki za kikatiba mambo ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni afadhali. Ibara ya 22 ya Katiba inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo, na majaji wetu mara nyingi huacha kila upande ubebe gharama zake pale mwananchi anaposhindwa katika shauri lenye maslahi ya umma. Mfano unaonukuliwa sana ni uamuzi wa Biowatch wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, wa mwaka 2009, uliosema kwamba serikali ikishindwa italipa, na ikishinda kila mmoja atabeba mzigo wake, mradi kesi haikuwa ya upuuzi. Anayedai fidia ya kawaida, kama mzee wangu, asitegemee upole huo. Akichelewa kupita miezi 12 inayowekwa na Sheria ya Ukomo wa Mamlaka za Umma kwa madai ya madhara, kesi yake hutupwa na gharama huenda zikamwangukia yeye. Na kwa sisi wa Mombasa, anayeidai Mamlaka ya Bandari akumbuke kifungu cha 66 cha sheria yake, kinachotaka notisi ya mwezi mmoja kabla ya kushtaki.

Baada ya hukumu huja ukadiriaji. Wakili huandaa bili ya gharama, kipengele kwa kipengele, na Naibu Msajili wa mahakama huipitia upande wa pili ukiwa mbele yake. Kipengele kikubwa ni ada ya maagizo, yaani malipo ya kuichukua kesi. Ikiwa kesi ilipingwa na ikaandaliwa kwa ajili ya kusikilizwa, huongezwa ada ya maandalizi, isiyopungua thuluthi moja ya ada ya maagizo. Nimeona bili ikikatwa karibu nusu kwa sababu ya safari ambazo hazikuwa na risiti. Asiyeridhika ana siku 14 za kutoa notisi ya pingamizi, kisha suala huenda kwa jaji. Mteja ajue pia kwamba ada anayodaiwa na wakili wake huwa juu kwa nusu kuliko ile anayorudishiwa na aliyeshindwa, kwa hiyo hata mshindi hubaki na pengo.

Kinachomzuia dalali ni kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40. Kinakataza kukamata mali ya serikali, na kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayewajibika binafsi kwa deni hilo. Kinga hiyo imepanuliwa hadi kwa serikali za kaunti. Badala ya dalali, sheria inatoa hati ya amri, yaani cheti cha mahakama kinachoonyesha anachopaswa kulipwa: mshindi huiomba mahakamani baada ya siku 21 tangu uamuzi, au baada ya gharama kukadiriwa, lolote litakalochelewa. Mahakama inaweza kuagiza hati ya gharama iwe peke yake, nami huiomba hivyo, ili ubishi juu ya bili usiicheleweshe fidia. Hati hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na afisa mhasibu, yaani msimamizi wa fedha za idara husika, anapaswa kulipa pamoja na riba halali.

Anapaswa, nasema, kwa kuwa kifungu hakikuweka siku ya mwisho ya kulipa. Asipolipa, hatua inayobaki ni kuomba amri ya kumlazimisha atekeleze wajibu wake, na akiipuuza, kumshtaki kwa kudharau mahakama. Hapo ndipo jina lake binafsi linapoingia kwenye karatasi, na nimeona mafaili yaliyolala yakiamka wiki ileile.

Marekani ilichukua njia nyingine mwaka 1980, kwa sheria inayoagiza serikali kuu imlipe mshindi ada za wakili, isipokuwa msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha. Mtu binafsi hustahili ikiwa mali yake haizidi dola milioni 2. Serikali ya huko hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ilikuwa na sababu ya kubishana. Ya kwetu haiulizwi kwa nini ilibishana, wala kwa nini haijalipa, mpaka mshindi arudi mahakamani.

Mzee aliiweka hati yake ya amri, yenye muhuri wa kupokelewa, katika mfuko uleule wa kanzu. Ombi la kumlazimisha afisa mhasibu tumeliwasilisha, naye ameniuliza kama gharama za ombi hilo nazo zitakadiriwa. Zitakadiriwa, kwa bili nyingine.