Kushusha doh bila kugusa nyuzi

Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi wiki nzima kwa doh G. Jumapili, dakika chache kabla ya ibada, mwalimu wa kwaya akanisogelea: "Kaka, tushuke nusu toni. Dada yetu wa solo koo limekauka." Anayeishi Dodoma anajua vumbi la kiangazi linavyokamata koo. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe, akawa tayari. Mimi, mpiga gitaa, nilikuwa na nyuzi sita za kulegeza.

Ningeweza kuhamisha mkono tu, lakini mapigo yangu mengi yanategemea uzi mtupu, ule unaolia bila kukanyagwa, na huo hauna pa kuhamia. Kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, nayo hupandisha tu, haishushi. Na kulegeza kuna gharama yake. Ili uzi ushuke nusu toni, mvuto wake lazima upungue kwa karibu asilimia 11. Shingo ya gitaa nayo hupungukiwa mzigo na kujinyoosha kidogo, kwa hiyo ukifika uzi wa sita, ule wa kwanza umeshahama. Siku ile niliingia kwenye wimbo gitaa halijatulia, na iliniuma sana.

Mwaka 2007 Gibson walitoa gitaa lenye mota ndogo kichwani zinazozungusha vikazio vya nyuzi zenyewe. Ni kazi nzuri ya ufundi, ila bado uzi ndio unaovutwa na kulegezwa. Ninachokipenda mimi ni njia nyingine: uzi uachwe ulivyo, sauti ndiyo ibadilishwe ikishatoka.

Pedali ya kushusha sauti, kifaa cha kukanyaga kwa mguu kama DigiTech Drop, hufanya hivi. Kwa njia rahisi ya kueleza, inarekodi unachopiga kwenye kumbukumbu fupi mno, kisha inakisoma polepole zaidi. Kwa nusu toni, kasi ya kusoma ni 0.944 ya ile ya kurekodi. Tatizo linaonekana hapo hapo: kila sekunde moja inayopita, msomaji amebaki nyuma milisekunde 56. Asiporuka mbele, baada ya nusu dakika utakuwa unasikia ulichopiga karibu sekunde 1.7 zilizopita. Basi anaruka, mara nyingi kila sekunde, na ubora wa pedali yote uko kwenye kuruka huko. Mruko unatakiwa uwe wa mtetemo mzima, ili mwisho wa kipande kimoja ukutane na mwanzo wa kingine bila kovu. Uzi mnene wa E hutetema mara 82.4 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12. Mashine haiwezi kuujua mtetemo ambao haijausikia wote, ndiyo maana noti za chini huchelewa kidogo. Milisekunde 12 ni sawa na kusimama mita nne kutoka kwenye spika. Mkono unazoea.

Sasa piga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Nyuzi sita zimechanganyika kwenye waya mmoja, kila moja na urefu wake wa mtetemo. Ruka palipo sawa kwa huyu, umemkata yule. Ule mtikisiko wa maji maji unaousikia kwenye kodi ndefu unatoka hapo. Tena pedali ya aina hii inasogeza nyuzi zote pamoja: ukitaka uzi wa E peke yake ushuke hadi D, haiwezi, kwa sababu haijui uzi ni upi.

Dawa ni kuzisikiliza nyuzi moja moja. Kampuni ya Roland walifanya hivyo kwenye kifaa chao VG-8 cha mwaka 1995: pikapu (kinachonasa mtetemo wa nyuzi) nyembamba karibu na daraja, yenye kinasa chake kwa kila uzi, na kebo ya pini 13. Gitaa za Variax za Line 6 zina kihisi kwenye kila kitako cha uzi darajani. Kila uzi ukija na njia yake, kila mmoja unaweza kusogezwa kivyake.

Hapo ndipo nilipofikiria ilimba, ala ya Wagogo yenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Muziki wa Wagogo una ngazi inayofuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja (ya 2 hutetema mara mbili ya ile ya msingi, ya 3 mara tatu, na kuendelea), hasa ya 4 hadi ya 9, na kati yake ya 7 iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Miaka yote nilikuwa naisikia gitaa langu "likipanda" kando ya ilimba bila kujua kwa nini. Tuseme doh, ambayo ni sauti ya 4, ni A, uzi wa tano, mitetemo 110. Uzi wa G unalia 196. Ilimba, kwa sauti ya 7, inataka 192.5. Nashusha uzi huo mmoja senti 31, napandisha wa D hadi E, mingine inabaki: B ni 246.9, inayotakiwa ni 247.5, sikio linakubali. Na kwa kuwa fundi wa ilimba huitengeneza kwa sikio, doh yake si lazima ilingane na A yangu. Nazisogeza zote pamoja hadi nimkute.

Mambo mawili ukijaribu. Weka pedali ya kushusha kabla ya ile ya kukwaruza sauti (distortion), maana iliyokwaruzwa haisomeki vizuri. Na ongeza sauti ya spika au vaa hedifoni: chumbani kwa sauti ndogo utasikia uzi wenyewe ukilia kwa noti yake ya zamani, zote mbili kwa pamoja, na utadhani mashine ni mbovu.

Sauti ya 5 bado inanisumbua. Freti (ukingo wa chuma shingoni) ya nne kwenye uzi wa A inatoa C# iliyo juu kwa senti 14, na kidole hupandisha tu uzi, hakiushushi. Hiyo namwachia mpiga ilimba.