Kusikiliza sidii dukani kabla ya kununua: dhana na ukweli

"Wimbo wa kwanza ukilia vizuri, sidii ni nzima."

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Lamu na Malindi wanapoumia. Sidii husomwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri. Wimbo wa kwanza umekaa ndani, ambako vidole havifiki sana. Alama za mikono na makosa ya kuchoma (kurekodi kwa kompyuta) hupatikana zaidi ukingoni, yaani kwenye nyimbo za mwisho. Mwambie muuzaji aruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho, asogeze mbele ibaki kama dakika moja, nawe usikilize mpaka uishe. Kisha arudi kwenye nyimbo za kati. Kwa taarabu usikubali haraka: wimbo mmoja huweza kupita dakika kumi, na utangulizi wa fidla haukwambii lolote kuhusu ubeti wa tatu.

Ikiwa ni sidii ya kuchoma, igeuze kwenye mwanga. Sehemu iliyoandikwa ina rangi tofauti kidogo. Inapokoma ndipo muziki unapoishia. Mkwaruzo ulio nje ya hapo haudhuru.

"Upande unaong'aa ndio wa kuchungwa."

Plastiki ya sidii ina unene wa milimita 1.2, na tabaka lenye muziki liko juu yake, chini tu ya lebo, likilindwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo mwepesi wa upande wa chini mashine mara nyingi huufidia yenyewe. Wa upande wa lebo hubandua tabaka lenyewe, na dawa ya meno haitalirudisha. Iinue mbele ya taa: ukiona vitundu vinapitisha mwanga, iache. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mbaya kuliko unaokata kutoka katikati, kwa sababu unaharibu data nyingi mfululizo. Ndiyo maana sidii hufutwa kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha kitambaa.

"Sauti ikipandishwa, ubora unajulikana."

Besi ya spika kubwa huficha kasoro. Omba sauti ishushwe mpaka udi usikike kila unapodonolewa. Mvumo wa "shhh" usiokoma kwa kawaida umetoka kwenye kanda ya zamani iliyonakiliwa, kwa hiyo nakala nyingine itakuwa nao vilevile. Kuruka, au neno kujirudia, ni diski au lenzi chafu. Weka diski nyingine kwenye mashine hiyohiyo utajua ni ipi.

"Ikilia dukani, italia nyumbani."

Sidii ya kawaida haizidi dakika 80 hivi. Ukiuziwa moja yenye nyimbo 100, hiyo ni MP3, yaani muziki uliobanwa kuwa faili ndogo za kompyuta. Deki ya DVD ya dukani huenda ikaisoma, redio ya zamani isiisome.

"Ina stika ya KECOBO, haina haja ya kujaribiwa."

KECOBO ni bodi ya hakimiliki ya Kenya; stika yake inahusu hakimiliki tu.

Nakala ya kuchoma iliyokaa juani mlangoni ikivutia wapita njia wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, usiichukue: jua hufifisha rangi inayobeba muziki. Omba iliyowekwa ndani, nayo pia ijaribiwe.